Naomba ushauri: nilipie muda wa hewani ili pambano langu lionyeshwe?

Habari zenu wakuu. Mimi ni promota mdogo wa ngumi hapa Morogoro. Kituo kimoja cha televisheni kimekubali kurusha mapambano yangu mbashara, ila muda wa hewani nilipie mwenyewe, kisha nitafute wadhamini wa kurudisha hela.

Kinachonitia hofu ni yaliyotokea Marekani. Machi 2015 Al Haymon, meneja maarufu wa mabondia, alianzisha PBC (Premier Boxing Champions, mfululizo wa mapambano ya ngumi kwenye TV) kwa mtindo huohuo, akalipia muda kituo cha NBC na kwingineko. Watazamaji walikuja kwa mamilioni, lakini matangazo ya biashara hayakufidia gharama. Ni 2018 ndipo kituo cha Fox kilipokubali kulipa haki za kurusha. Mwenzetu alikuwa na wawekezaji wakubwa. Mimi nina akiba ya kiwanja.

Halafu ngumi si mpira wa dakika 90. Bondia akidondoka raundi ya kwanza, mapumziko yote ya kati ya raundi niliyouzia wadhamini yamepotea.

Waliowahi kufanya hivi, mlijilindaje kwenye mkataba? Je, kituo kinaweza kukubali tugawane mapato ya matangazo badala ya mimi kulipa mapema? Na mdhamini anayeuliza idadi ya watazamaji nimwonyeshe nini? Natakiwa kujibu Ijumaa.