Nafasi ya nne haikai na mtu: Singida Black Stars siiweki nne bora

Wadau, msimu wa 2025/26 wa Ligi Kuu Tanzania Bara unabisha hodi na kila kijiwe kina utabiri wake. Wiki hii nimekaa vijiwe vitatu, kote nikakuta orodha ileile: Yanga, Simba, Azam, Singida Black Stars. Za kucheza mtoano (mechi za mwisho wa msimu za kuamua nani abaki ligi kuu) au kushuka kabisa wanazitaja Mtibwa Sugar na Mbeya City, eti kwa sababu ndiyo kwanza zimepanda. Tatu za juu sibishani na mtu. Ya nne nabisha, tena kwa nguvu zote.

Turudi nyuma kidogo. 2021/22 nafasi ya nne ilikuwa ya Geita Gold. Mshambuliaji wao George Mpole alipachika mabao 17, akambwaga Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja tu. Siku ile nani angesema Geita itashuka? Miaka miwili baadaye, 2024, ikashuka. 2022/23 wakaja Singida Big Stars, wageni kabisa wa ligi, wakamaliza wa nne. Timu ile ikaitwa Singida Fountain Gate, kisha Fountain Gate, ikahamia Manyara, na msimu uliopita, 2024/25, tumeiona ikipigania roho yake kwenye mtoano, kwanza na Tanzania Prisons, halafu na Stand United. 2023/24 zamu ikawa ya Coastal Union ya Tanga. Msimu uliopita, Singida Black Stars, ambayo ndiyo ile Ihefu ya zamani, msiichanganye na Big Stars. Misimu minne, timu nne tofauti.

Hii siyo bahati mbaya. Nafasi ya nne imekuwa ikitoa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na tiketi hiyo huja na gharama. Timu ya mkoani inaanza kusafiri nje wakati wenzake wamelala. Mchezaji aliyekuwa hajulikani anapanda bei. Kocha naye anapigiwa simu. Coastal walitolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola, na kabla msimu haujachanganya walikuwa wameshaachana na kocha David Ouma, yuleyule aliyewafikisha pale. Ley Matampi, kipa bora wa 2023/24, naye akaondoka. Tazameni pia Fountain Gate: msimu uliopita walianza kwa moto, Selemani Mwalimu akiwafungia, dirisha dogo la usajili la katikati ya msimu lilipofika kijana akachukuliwa na kuishia Wydad ya Morocco. Mwisho wake tumeuona.

Ndiyo maana mtu akinionyesha picha za usajili mpya namuuliza kwanza: nani ameondoka? Kwa msimu huu Singida walimpata Miguel Gamondi, kocha aliyeipa Yanga ubingwa wa 2023/24, na hilo ni jambo kubwa, silifichi. Pesa pia wanayo kuliko Geita. Lakini Jonathan Sowah, aliyeingia dirisha dogo na kufunga mabao 13 ndani ya nusu msimu, akachukuliwa na Simba kabla ya msimu huu. Mabao hayo yanazibwa na nani huku timu inapanda ndege kwenda kucheza Afrika? Mimi nafasi ya nne nawapa JKT Tanzania. Hawasafiri kwenda kucheza Afrika, na pale kwenye uwanja wao wa Isamuhyo, Mbweni, wakubwa wenyewe hupata tabu.

Kuhusu waliopanda, mnawaonea. Mtibwa, mabingwa wa 1999 na 2000, walishuka 2024 wakarudi baada ya msimu mmoja tu. Mashujaa ya Kigoma nayo ilipanda 2023 kupitia mtoano, kwa kuitoa hao hao Mbeya City, na hadi msimu wa 2024/25 ilikuwa bado ipo.

Mtoano mimi naiona Coastal, na kusema hivi kunaniuma. Mjomba wangu wa Tanga ni Mgosi, yaani shabiki wa Coastal, tangu ubingwa wao wa 1988. Jumamosi nilimkuta barazani, redio mapajani, betri kazifunga kwa mpira wa baiskeli. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, mwaka huu naiogopea Coastal." Akaitikia, kisha akazima redio kabisa. "Mwanangu, Mkwakwani hapashuki mtu," akasema, akimaanisha uwanja wa Coastal. Nikamhesabia: Geita nne bora 2022, ikashuka 2024. Singida Big Stars nne bora 2023, mtoano 2025. Coastal nne bora 2024, na huu unaoanza utaisha 2026. Akakaa kimya muda mrefu, akaniuliza kipa ni nani sasa hivi.

Basi wenye orodha zenu, wekeni hapa. Ila anayeiweka Singida nafasi ya nne anijibu moja: tangu Geita, timu gani imemaliza ya nne ikarudia msimu uliofuata?