Majaribio ya nyuklia ya Ufaransa huko Sahara: Algeria iliridhia nini hasa?

Msomaji wa Historia:
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Kati ya 1960 na 1966 Ufaransa ililipua mabomu 17 ya nyuklia katika jangwa la Sahara, ndani ya Algeria: manne juu ya ardhi karibu na Reggane, na 13 ndani ya mlima huko In Ekker. Kinachonitatiza ni kwamba Algeria ilipata uhuru Julai 1962, ilhali milipuko 11 ilifanyika baada ya hapo. Iweje taifa lililopigana zaidi ya miaka saba kumng'oa mkoloni limwache aendelee kujaribu silaha katika ardhi yake? Na je, ruhusa hiyo inawafunga mdomo wakazi wanaodai haki leo?

Wakili wa Pwani:
Ndugu muulizaji, jibu la swali la kwanza limo katika Makubaliano ya Evian ya 18 Machi 1962, yaliyomaliza vita vya uhuru, ambayo yaliiachia Ufaransa vituo vyake vya kijeshi vya Sahara kwa miaka mitano. Tusisahau kwamba kabla ya hapo Paris ilitaka kuimega Sahara yote, pamoja na mafuta yake, isiwe sehemu ya Algeria huru, na wajumbe wa FLN, chama kilichoongoza vita vya uhuru wa Algeria, wakakataa katakata. Miaka mitano ilikuwa bei ya kuipata nchi nzima bila vita kuendelea. Kuhusu swali la pili, nionavyo mimi, ruhusa ya kutumia kituo haimwondolei mtumiaji wajibu wa kusafisha alichochafua, na wakazi wa maeneo yale hawakuulizwa na upande wowote.

Mhandisi Mstaafu:
Naongezea upande wa kiufundi. Tarehe 1 Mei 1962, wiki sita tu baada ya saini za Evian, ulifanyika mlipuko ulioitwa Béryl ndani ya mlima Taourirt Tan Afella. Mwisho wa handaki ulichimbwa kwa kuzungushwa kama ganda la konokono, ili nguvu ya mlipuko ibomoe njia na kuiziba kabla mionzi haijafika nje. Kizibo hakikuhimili. Miamba iliyoyeyuka ilifoka kupitia mdomo wa handaki, likafuatia wingu lenye mionzi, na watazamaji wakakimbia ovyo, wakiwemo mawaziri wawili, Pierre Messmer na Gaston Palewski. Miamba ile iliganda, na mpaka leo imelala chini ya mlima. Ufaransa ilipoondoka ilifukia mitambo na vifaa vingine mchangani, na baadaye watu wakavifukua kutafuta shaba na chuma, kwani hakuna aliyewaeleza vilikotoka.

Binti wa Mwalimu:
Nakubaliana na Wakili, ila amewapa watawala wa Algiers msamaha wa haraka mno. Kabla ya uhuru, Kwame Nkrumah alizuia mali za Wafaransa nchini Ghana kwa sababu ya majaribio haya, na Januari 1961 Nigeria ilivunja uhusiano wa kibalozi na Ufaransa. Sasa linganisheni na kituo cha B2-Namous, huko huko Sahara ya Algeria, ambako Ufaransa iliendelea kujaribu silaha za kemikali hadi 1978, kwa mapatano ambayo wananchi wa Algeria walifichwa. Ile miaka mitano ya Evian ilikuwa imekwisha zamani, kwa hiyo hapo hatuwezi tena kusingizia vita.

Wakili wa Pwani:
Hoja yako nimeipokea, dada. Kuhusu B2-Namous sina utetezi. Hata hivyo, makosa ya Algiers hayapunguzi deni la Paris. Sheria ya fidia ambayo Ufaransa iliipitisha 2010 inamtaka mwombaji aonyeshe kwamba alikuwepo katika eneo lililotajwa, kwa kipindi kilichotajwa, na kwamba anaugua ugonjwa uliomo katika orodha. Mfugaji wa kuhamahama ambaye hakuwahi kuandikwa popote ataonyesha karatasi gani? Ndiyo maana Algeria inadai kwanza ramani za mahali taka zilipofukiwa, kwa kuwa bila ramani hizo hata kuzungushia uzio ni kubahatisha.