Maelekezo ya "ishirini na moja" ya watu wawili yanayokuja na pakiti za karata ni dhuluma kwa asiyegawa

Ndugu wanajamvi, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Ndani ya pakiti ya karata niliyonunua dukani kuna karatasi ya Kiswahili inayofundisha namna watu wawili wanavyocheza ishirini na moja, na karatasi hiyo inampa mmoja wao ushindi kabla karata hazijachangwa.

Mwanzo wake hauna tatizo. Mnatumia karata 52 bila jokari, kila mmoja anapewa mbili, na mgawaji anaacha yake moja wazi na nyingine imefunikwa. Mfalme, malkia na ghulamu ni 10 kila mmoja, ree ni 1 au 11 kadiri inavyokufaa, na anayevuka 21 amepoteza. Asiyegawa anaomba karata mpaka aridhike, kisha mgawaji anafunua yake na kuvuta hadi afikishe 17 au zaidi. Ubaya unaanza baada ya hapo: karatasi inaagiza kwamba mgawaji awe yule yule tangu mwanzo hadi mwisho, kwamba mkilingana dau ni lake, na kwamba anayepata ree na karata ya 10 papo hapo alipwe kama ushindi mwingine wowote.

Kwenye kasino mgawaji habadiliki, ni kweli, lakini mkitoka sare unarudishiwa dau lako, na kwa desturi ree na 10 hulipwa 3 kwa 2, yaani dau la 2 linakuletea faida ya 3. (Kasino za Las Vegas zilizoshusha malipo hayo hadi 6 kwa 5 zinalalamikiwa hadi leo, na zinastahili.) Katika pontoon, mchezo wa jamii hii unaochezwa majumbani Uingereza, sare ni ya mwenye benki, yaani mgawaji, ila benki yenyewe huhama: ukipata pontoon (ree na karata ya 10 kwa mkupuo wa kwanza) naye akakosa, unalipwa mara mbili na ugawaji unakuwa wako. Aliyeandika karatasi hii amechukua mgawaji wa kudumu kutoka kasino na sare ya benki kutoka pontoon, akaacha kila kinachomfidia mchezaji katika michezo yote miwili.

Watu wengi hawaoni faida ya mgawaji iko wapi, kwa sababu haionekani katika karata zake bali katika zamu. Juzi nilikuwa na mfalme wa shupaza na sita ya kopa, na mdogo wangu, ambaye ndiye alikuwa mgawaji, alikuwa amefunua kumi. Niliomba, ikaja nane ya uru, nikafika 24, na dau likachukuliwa. Tulipofunua karata yake iliyofichwa tulikuta tano, na iliyofuata juu ya fungu ilikuwa tisa, kwa hiyo naye angefika 24 vilevile, lakini hakulazimika kuvuta kwa sababu mimi nilikwisha kuanguka.

Wawili wanaofuata kanuni moja ya kusimama kwenye 17 wote wangevuka 21 katika takribani migao 8 kati ya 100, na wangelingana katika takribani 10. Migao hiyo yote karatasi inampa mgawaji, kwa hiyo anashinda kama 59 kati ya 100 bila ustadi wowote. Hesabu za namna hii si siri, kwani watafiti wanne, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walichapisha uchambuzi wao wa mchezo huu Marekani mwaka 1956.

Najua watakuja watakaosema kwamba ni mchezo tu, na kwamba dau ni njugu. Mimi nasema mtoto anayepoteza jioni nzima kwa kanuni mbovu anaambiwa hana akili ya karata, naye anaamini, ilhali aliyemfunga ni mwandishi wa maelekezo. Jambo hilo linaniudhi kuliko pesa.

Ninachokidai kwa wachapishaji ni sentensi tatu tu kwenye toleo lijalo: ugawaji ubadilishwe kila baada ya mgao mmoja, sare irudishe dau, na ree na 10 za mkupuo wa kwanza zilipwe 3 kwa 2. Mpaka watakapofanya hivyo, mwenye pakiti hiyo aitoe karatasi na kuichana, kisha akubaliane na mwenzake juu ya zamu za kugawa kabla dau la kwanza halijawekwa mezani.