Cowboys na magoti: tulifanya sawa kumchukua Shavon Revel?

MwanaArlington
Salaam wadau. Naishi Arlington hapa Texas, na tangu ipite drafti ya NFL ya 2025, pale timu za futiboli ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, kuna jambo linanikosesha raha. Raundi ya tatu, chaguo la 76, timu yetu ya Dallas Cowboys imemchukua Shavon Revel, konabeki (beki anayemkaba mpokeaji wa pasi) wa chuo cha East Carolina. Kijana ni mrefu, ana mbio na mikono mirefu, lakini alichanika ACL (kano ya katikati ya goti) Septemba 2024 akiwa amecheza mechi 3 tu za msimu. Tunaambiwa bila goti lile angeondoka mapema zaidi.

Kinachonisumbua ni kwamba hii imeshakuwa tabia ya timu yetu. Sean Lee 2010, Bruce Carter 2011, Jaylon Smith 2016: wote malainbeka (walinzi wa safu ya kati), wote raundi ya pili, wote magoti yao yalishaumia chuoni. Je, tunapata kipaji kwa bei ya chini au tunajaza wodi? Naomba hasa wanaojua mambo ya magoti waseme.

Babu_wa_Touchdown
Wodi, mkuu. Mwaka 2016 tulikuwa na chaguo la 34, lainbeka Myles Jack bado yupo mezani. Tukamwacha, tukamchukua Smith ambaye msimu ule hakukanyaga uwanjani. Timu ya Jaguars wakambeba Jack chaguo la 36, naye akacheza mwaka uleule. Tena goti la Jack nalo lilikuwa linatiliwa shaka! Chaguo la juu namna ile mpe mtu anayeweza kucheza Septemba, msimu unapoanza.

FizioDallas
Kaka MwanaArlington, mimi kazi yangu ni mazoezi ya tiba kwa waliofanyiwa upasuaji wa magoti, hapahapa Dallas, kwa hiyo swali lako limenigusa. Tatizo la mijadala hii ni kwamba watu wanasema "goti" kana kwamba ni ugonjwa mmoja.

ACL iliyochanika peke yake, kwa kijana wa miaka 20 na ushee, inatengenezeka. Mtu anarudi baada ya miezi 9 hadi mwaka, na ukimpa muda wa ziada kasi yake inaweza kurudi. Likiharibika gegedu hali ni nyingine, maana gegedu haliponi kama kano. Mchezaji anaweza kurudi akang'ara, kisha goti likaanza kuvimba kila baada ya mechi. Mfano, Todd Gurley alichukuliwa na timu ya Rams chaguo la 10 mwaka 2015, miezi michache tu baada ya kuchanika ACL, na mwaka 2017 akawa mchezaji bora wa mashambulizi wa ligi nzima. Machi 2020 Rams walimwacha, goti limechoka. Mimi naona chaguo lile lilikuwa sahihi kabisa. Kilichowaumiza ni mkataba wa dola milioni 60 waliompa 2018.

Sasa Jaylon Smith. Tarehe 1 Januari 2016, chuo chake cha Notre Dame dhidi ya Ohio State, hakuumia kano tu. Neva inayopita upande wa nje wa goti, ile inayoinua wayo, nayo iliumia, wayo ukawa unaning'inia. Neva huota upya kama milimita 1 kwa siku ikijaliwa, na hakuna zoezi ninaloweza kumpa mtu ili iharakishe. Aliyempasua ni daktari wa timu ya Cowboys, kwa hiyo walijua zaidi ya wenzao. Msimu wa 2017 alicheza na kifaa cha kushikilia kifundo, 2019 akaitwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi. Babu, heshima yako, lakini mimi silaumu chaguo la 34. Nalaumu Agosti 2019, walipompa mkataba mpya unaofika dola milioni 64. Oktoba 2021 walishamwacha.

Na shingo, jamani, niiseme kwa sauti. Leighton Vander Esch, raundi ya kwanza 2018, mfereji wa uti wa mgongo wake ulikuwa mwembamba. Machi 2024 alistaafu akiwa kijana. Goti bovu linakupotezea mchezaji. Shingo ni maisha ya mtu, na kwangu hakuna raundi inayoihalalisha.

MwanaArlington
Asante sana dada. Kwa hiyo Revel ni sawa?

FizioDallas
Revel peke yake, raundi ya tatu, ndiyo. Ninachohofia ni makonabeki walio pembeni yake msimu huu wa 2025. Trevon Diggs alichanika ACL Septemba 2023, na Januari 2025 akapasuliwa goti lilelile na kupandikizwa gegedu. DaRon Bland alipasuliwa mguu 2024. Jourdan Lewis, aliyekuwa mzima, ameenda Jaguars. Mbali na hao, DeMarvion Overshown, lainbeka wa raundi ya tatu 2023, goti moja lilimkosesha msimu wake wa kwanza wote, kisha Desemba 2024 dhidi ya Bengals la pili likachanika kano zaidi ya moja. Timu inaweza kumbeba majeruhi mmoja kwa subira. Ikiwa na watatu eneo moja, kocha atapungukiwa watu, na yule anayehitaji wiki 6 zaidi atarudishwa kabla ya wakati. Hapo ndipo ACL nzuri inapochanika tena.

Babu_wa_Touchdown
Hilo la kurudishwa mapema nakubali. Sisi mashabiki nasi tunachangia, kila Jumapili tunauliza "yuko wapi?"

FizioDallas
Kweli babu. Revel akianza mazoezi, msimtazame anavyokimbia kwenda mbele, hata mgonjwa wangu wa mwezi wa 5 anakimbia vizuri mbele. Konabeki kazi yake ni kurudi kinyumenyume na kugeuka ghafla. Tazameni akikata kwa mguu ulioumia: akipunguza mwendo kwanza, au akiongeza hatua moja ndogo kabla ya kugeuka, hajawa tayari, hata wakisema yuko tayari.