Naomba ushauri: "yanayonasibishwa" au "yanayohusishwa"?

Habari za jioni wanajamvi. Naandika makala fupi kuhusu mashairi ya kale ambayo wapokezi husema ni ya Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini mwa Kenya. Nimekwama kwenye neno moja.

Niliandika "yanayohusishwa na Liyongo", likanikera. Siku hizi mtu "huhusishwa" na wizi! "Yanayodaiwa kuwa yake" linanuka kesi. "Aliyoyatunga" linakata shauri mapema mno. "Yanayonasibishwa na Liyongo" nalipenda, ila mwenzangu alilisoma akafikiria nasibu, yaani bahati.

Je, msomaji wa kawaida atalielewa "kunasibishwa" bila maelezo? Na kiunganishi chake ni "na" au "kwa"?

Natanguliza shukrani.