Nimeshikiwa tiketi ya Milan kwenda na kurudi kwa bei chee, nisaidieni kupanga kabla ya keshokutwa

Mtu wa Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Jana wakala wangu wa tiketi kanipigia kuna ofa ya Dar–Milan kupitia Addis, kwenda na kurudi Sh 1,390,000 kwa kichwa. Mara ya mwisho kuulizia nauli ya Ulaya niliambiwa milioni mbili na nusu, nikashukuru nikakata simu. Safari hii amenishikia nafasi mbili, yangu na ya mama watoto, hadi keshokutwa saa 10 jioni. Sijalipa hata mia.

Tunaondoka Ijumaa jioni tarehe 30 Oktoba, tunatua Dar Jumatatu tarehe 9 Novemba. Siku 11. Mimi ni mwajiriwa, mhasibu. Mke wangu ana duka la vitenge Kariakoo. Ulaya hakuna aliyefika. Mimi niliishia Dubai, yeye Guangzhou mara mbili kufuata mzigo.

Mpango wetu ni Milan siku 1, Venice 1, Roma 2, Paris 3 (bila Paris mama hasafiri, kashasema), Amsterdam 2, halafu turudi Milan kupanda ndege. Ukiacha tiketi na viza tuna milioni 6 kwa wote wawili. Inawezekana? Na tiketi nilipe sasa au nisubiri viza? Nawasilisha.

Kiberenge

Mkuu hongera kwa ofa, ila wewe ni mhasibu wa kampuni gani? Siku 11 umezitoa wapi?

Ijumaa usiku uko angani. Unafika Malpensa, uwanja wa ndege wa Milan, Jumamosi alfajiri. Jumapili ya tarehe 8 usiku unaondoka. Kwa hiyo vitanda utakavyolalia Ulaya ni vinane tu. Miji mitano kwa usiku nane, na kila kuhama kunakula nusu siku: kufunga mabegi, kuacha funguo, kwenda stesheni, kusubiri, kufika, kutafuta hoteli nyingine na kukuta bado chumba hakijasafishwa. Mtarudi na picha za stesheni.

Futa Amsterdam. Roma nayo futa, ingawa najua utaniona mchawi.

Chawa Mstaarabu

Milioni 6 si ununue kiwanja Chanika ndugu yangu

Mtu wa Tabata

@Chawa Mstaarabu kiwanja ninacho. Nimekaa nacho miaka minane, hakijawahi kunipeleka popote.

@Kiberenge umenikamata pabaya, hesabu ya usiku sikuifanya kabisa. Ila Roma mkuu?

Mzee wa Stetimenti

Kijana, hayo ya miji tuwaachie wanaojua miji. Mimi nakueleza viza, maana hapo ndipo safari nyingi zinapofia.

Kwanza, hulazimiki kulipa tiketi ndipo uombe. Wanataka kuona nafasi uliyoshikiwa, na balozi zenyewe huwaonya watu wasilipe mapema. Tatizo lako ni kwamba ofa haitasubiri balozi. Basi kesho asubuhi muulize wakala maswali mawili tu: nikinyimwa viza narudishiwa kiasi gani, na nikibadili tarehe nakatwa kiasi gani. Majibu akupe kwa maandishi. Akianza kukwambia "usijali bosi", jali.

Pili, viza ya Schengen (viza moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, Italia na Ufaransa zimo) inaombwa kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na zikilingana unaenda kwa ile utakayoingilia. Usiku mwingi ukiwa Italia, ombeni Italia. Watu wanadanganyana kwamba ubalozi fulani ni mwepesi, wanaombea huko na kusafiri kwingine, halafu wanashangaa kuulizwa maswali mpakani.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na kituo cha maombi kina ada yake juu. Ukikataliwa hairudi. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Pasipoti iwe na angalau miezi mitatu mbele baada ya siku ya kutoka Ulaya, isiwe imetolewa zaidi ya miaka 10 nyuma, na iwe na kurasa mbili tupu. Maombi yanafunguliwa miezi 6 kabla ya safari. Kwa kawaida majibu ni siku 15, wakitaka kuchunguza zaidi yanafika 45, kwa hiyo usiende kupeleka faili mwezi wa kumi.

Sasa linaloniumiza kichwa ni shemeji. Wewe una barua ya mwajiri, ruhusa ya likizo, hati za mshahara, uko salama. Yeye wa Kariakoo nawajua: fedha zinaingia kwenye simu, zinatoka kwenye simu, benki wanamwona siku ya kulipa kodi ya fremu. Stetimenti yake itaonekana kama ya mtu asiye na kazi, wakati pengine anakuzidi kipato. Aanze leo kupitisha mauzo benki. Aambatanishe leseni ya biashara, cheti cha TIN na mkataba wa fremu, na wewe uweke barua ya kumgharamia pamoja na cheti cha ndoa.

Na tafadhali, msikope milioni kumi kwa shangazi mkaiweka wiki moja kabla. Wanaiona. Bora akaunti yenye milioni nne zilizokaa kuliko kumi na mbili zilizoingia Jumanne.

Mtu wa Tabata

Mzee wangu shikamoo. Hilo la stetimenti umelisema kama unakaa kwetu. Nimemsomea, kanyamaza, kisha kauliza tawi la benki linafungwa saa ngapi.

Dada wa Bergamo

Marahaba kwa niaba ya mzee 😄 Mimi niko mwaka wa sita huku, karibu na Milan. Niwape mambo ambayo huwa yanawashangaza wageni wangu.

Malpensa iko kama kilomita 50 kutoka mjini. Usidanganyike na teksi, treni ya Malpensa Express inakufikisha stesheni kuu chini ya saa moja. Mpakani msishangae kuwekwa kwenye mashine: tangu Oktoba 2025 wameanzisha mfumo wa kusajili alama za vidole na sura badala ya kugonga muhuri, na foleni inatambaa.

Jumapili yenu ya kwanza ni tarehe 1 Novemba. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali Italia ni bure. Pinacoteca di Brera, makumbusho ya michoro ya Milan, imo. Wahini asubuhi. Mkitaka mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Leonardo, nafasi inanunuliwa wiki nyingi kabla, mnaingia kwa dakika 15 tu mnatolewa, na Jumatatu wamefunga.

Sasa habari mbaya. Mwanzoni mwa Novemba Milan kuna maonyesho makubwa ya pikipiki, EICMA. Wiki ile chumba cha euro 90 kinageuka 200 bila aibu. Mkilala Milan Jumamosi na Jumapili mnapofika mtapona. Mkirudi mwisho wa wiki msilale pale. Njooni Bergamo, kwa treni ni chini ya saa moja. Mji wa juu una kuta za Wavenisi zilizoingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2017, mnapanda kwa kiberenge cha kamba (samahani @Kiberenge), na jioni kule juu panakaa kimya kama kijijini. Mkiwa Bergamo mnakwenda Varenna kwenye ziwa Como kwa kubadili treni Lecco, nauli kidogo. Venice kwa siku moja pia inawezekana ila mdamke. Ile tozo ya wageni wa kutwa inatozwa majira ya kuchipua na kiangazi, Novemba haipo. Bebeni viatu visivyoingiza maji.

Jua huku mwezi huo linazama saa 11 jioni. Usiandike ratiba kama uko Tanga.

Kahawa kunywa umesimama kaunta, ukikaa mezani bei inabadilika. Maji usinunue, Milan mjini kuna mabomba ya kijani ya maji baridi safi, bure.

Jirani wa Nairobi

Jameni mimi niliteseka na hiyo Paris, wacha niwaambie msipotee kama mimi.

Niliona ndege ya euro 19 Milan kwenda Paris nikasema Mungu ni nani. Kumbe "Paris" yenyewe ni Beauvais, karibu kilomita 80 nje ya jiji. Kwenda uwanja wa kwanza basi, kutoka uwanja wa pili basi. Begi langu likapimwa mlangoni, likapatikana limezidi, nikalipa zaidi ya tiketi. Ukijumlisha nilitumia zaidi ya euro 100 na siku nzima, na nilikuwa nimekataa treni ya 45.

Treni ya Milan–Paris ni karibu saa saba, inapita milimani, inakushusha stesheni ya Gare de Lyon katikati ya mji. Njia ilifungwa na maporomoko Agosti 2023, ikafunguliwa tena mwisho wa Machi 2025. Bei inapanda kadiri siku inavyokaribia, kwa hivyo nunua punde tu viza ikitoka.

Dada wa Bergamo

@Jirani wa Nairobi pole, ila kurudi ni hadithi nyingine. Wakilala kwangu Bergamo, ndege kutoka Beauvais inatua hapa hapa, uwanja uko kilomita 5 na mji. Wabebe begi dogo la kuingia chini ya kiti tu.

Jirani wa Nairobi

Dada, mtu na bibi yake, Novemba, makoti mawili, na wametoka Paris. Begi dogo? Mama wa vitenge?

Kiberenge

😂😂 Hapo Nairobi kaua.

Mkuu wa Tabata, mkataba wa tiketi usije ukausahau: umenunua Milan, utaondokea Milan. Kuna mtu hapa aliona kurudi Milan ni usumbufu, akataka apandie ndege ileile ya shirika lake Paris, akaambiwa anunue tiketi mpya. Na ukiruka kipande cha kwanza, mfano ukaenda Addis kwa njia zako, vyote vya mbele vinafutwa. Wapo wanaouza tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine, ila hiyo si ofa uliyoshikiwa.

Halafu Italia kuna migomo ya usafiri, na Ijumaa inapendwa sana. Usipange kurudi kutoka Paris siku hiyo, wala siku ya ndege.

Mtu wa Tabata

Wakuu nimekaa na mama usiku huu na daftari. Roma imekufa, Amsterdam imekufa. Tumefika hapa:

Jumamosi 31 na Jumapili 1 tunalala Milan. Jumatatu asubuhi treni ya Paris, tunalala huko Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alhamisi tarehe 5 treni ya kurudi, halafu Bergamo usiku tatu, humo Varenna siku moja na Venice siku moja. Jumapili Malpensa. Usiku 5 Italia, 3 Ufaransa, kwa hiyo tunaombea Italia.

Ndege ya Beauvais mama kaikataa kabla sijamaliza sentensi.

Mzee wa Stetimenti

Hapo sasa una safari. Makumbusho ya Louvre pale Paris Jumanne wamefunga, nendeni Jumatano, wanafunga saa 3 usiku. Kwa sisi tusio wa Ulaya kiingilio kimepanda tangu Januari 2026, ni euro 32 kila mmoja. Kama mama anataka mnara wa Eiffel tu, mnara kuutazama ni bure.

Fedha: Italia wana jedwali la mwaka 2000 la kima cha chini cha fedha za kujikimu anazotakiwa kuonyesha mgeni, kwa wanaosafiri wawili siku 6 hadi 10 ni euro 26.33 kwa kichwa kwa siku. Usiende na hicho, hakuna anayeishi nacho. Milioni 6 yenu ni kama euro 2,000, mkilala vyumba vya kawaida inatosha bila kujinyima chakula. Shilingi msibebe, hakuna wa kuibadilisha. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa euro au shilingi, bonyeza euro. Ukichagua shilingi wanakupangia wao kiwango.

Msafiri Mpole

Nyongeza ndogo. Treni za mikoa Italia, ukinunua tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda. Mimi sikugonga. Tiketi ninayo mkononi, nimelipia, na faini nikalipa vilevile. Nilijitetea kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, mwisho kwa machozi, mkaguzi akaandika tu.

Mtu wa Tabata (mrejesho)

Wakuu, wakala kanijibu kwa maandishi. Ile ya 1,390,000 ukinyimwa viza imekwenda na maji. Ipo ya 1,560,000, ndege ileile, ukileta barua ya kukataliwa wanakata kidogo wanarudisha iliyobaki. Nimelipa hiyo. Imeniuma, lakini sasa nalala.

Mama tangu Jumatatu anapeleka mauzo benki kila jioni. Kaniambia hata viza ikikataliwa ataendelea, maana ameona kwa mara ya kwanza duka linaingiza shilingi ngapi. Mimi pia nimeona. Sijasema kitu.

@Dada wa Bergamo tukuletee nini?

Dada wa Bergamo

Dagaa wa Mwanza! Samaki mkavu anaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu. Nyama na maziwa usithubutu, watakunyang'anya hapo hapo uwanjani. Wafunge vizuri lakini, nguo zenu za Paris zisije zikanukia Kirumba.