Roketi imeruka, kisha kimya. Cosmos 1 ilifika au haikufika?

FundiRedio_Likoni
Salamaleko wajuzi. Mimi kazi yangu ni redio za maboti, haya ya angani nayasoma usiku nikishafunga duka. Cosmos 1 imenikosesha usingizi. Kilikuwa chombo cha Planetary Society, jumuiya ya wapenda anga ya Marekani, cha kusukumwa na mwanga wa jua, matanga manane, kila moja mita 15. Juni 21, 2005, saa nne na dakika 46 usiku kwa saa zetu, nyambizi ya Kirusi ikakirusha kutoka Bahari ya Barents kwa roketi ya Volna. Warusi wasema injini ya kwanza ilizima sekunde ya 83. Wamarekani nao hawakukiona chombo huko juu. Lakini Kamchatka, Majuro na Panska Ves kule Cheki wakanasa mawimbi hafifu! Vituo vitatu, yakhe. Watu watatu huota ndoto moja?

BintiKibokoni
Ukingojea sana, sikio hujitungia. Wewe fundi hujapata kusikia mtu akiongea ndani ya mvumo mtupu?

FundiRedio_Likoni
Mmoja sawa, dada. Watatu?

BahariaMstaafu
Fundi, fungua ramani kwanza. Iliyozima sekunde ya 83 huangukia huko huko kaskazini. Majuro iko katikati ya Pasifiki. Basi mmoja wao kakosea. Tena Volna ni kombora la vita lililopewa kazi nyingine, peke yake halifikishi kitu kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia; ilibidi injini ndogo ya juu iwake baadaye ndipo kasi itimie.

Kipimo kizuri ni cha fani yako. Chombo kikipita kilomita 7 na nusu kwa sekunde huku kikirusha kwenye megahezi 400, utakikuta karibu kilohezi 10 juu ya masafa yake (mitetemo ya wimbi kwa sekunde) kikija, na chini kiasi hicho hicho kikienda. Mvumo hauteremki hivyo. Halafu kirudi mzunguko unaofuata, kwa saa iliyopigiwa hesabu. Hiki hakikurudi.

BintiKibokoni
Kuchelewa tu si hoja lakini. Explorer 1, setilaiti ya kwanza ya Marekani, mwaka 1958, California walikodoa masikio na saa ya hesabu ikawapita kwa dakika kama nane. Kumbe kimeingia obiti ya juu kuliko walivyopanga, mzunguko ukawa mrefu.

FundiRedio_Likoni
Dakika nane ningevumilia. Baharia, hilo la ramani sina jibu lake. Ila kuna mwenye rekodi ya Panska Ves? Nataka niyaone hayo masafa yakiteremka, au yasiteremke.